Urithi wa Wafalme ni Amana

Tarehe 25 Novemba 2024, katika ngome ya Chittorgarh, jimbo la Rajasthan nchini India, Vishvaraj Singh Mewar alitawazwa kuwa mkuu wa ukoo wa kifalme wa Mewar baada ya kufariki baba yake, Mahendra Singh. Siku hiyo hiyo alipofika Udaipur kuzuru mahali patakatifu ndani ya kasri la mababu zake, alikuta milango imefungwa. Kasri lilikuwa chini ya usimamizi wa upande wa ami yake, Arvind Singh. Mawe yakarushwa, watu wakajeruhiwa, na polisi wakaingia kati. Siku chache baadaye ndipo alipoingia.

Wapo watakaosema kuwa huo ni ugomvi wa ndugu, haumhusu mwingine. Sisi tunaona vingine.

India ilipopata uhuru mwaka 1947, tawala za wafalme zilizidi 500. Vallabhbhai Patel aliwavuta watawala hao, kwa maneno laini na mara nyingine kwa shuruti, wajiunge na dola mpya. Nao wakaahidiwa posho katika Katiba. Mwaka 1971 serikali ya Indira Gandhi ikaifuta posho hiyo pamoja na kutambuliwa kwa vyeo vyao. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Katika Jamhuri, raia halipwi na hazina kwa sababu ya nasaba yake.

Lakini kufuta cheo si kufuta historia. Kasri haliondoki kwa sheria, na paa linalovuja halingojei hukumu. Maharana Bhagwat Singh wa Mewar alilitambua hilo mapema. Mwaka 1963 kasri la ziwani, Jag Niwas, lilifunguliwa kuwa hoteli. Mwaka 1969 sehemu ya kasri kuu ikawa makumbusho, na mfuko wa hisani ukaundwa. Majumba yakaanza kujilisha yenyewe, na mwananchi wa kawaida akapata kuingia kwa tiketi palipokuwa pa wateule.

Kilichokosekana ni mpaka ulio wazi baina ya mali ya nyumba, mali ya wakfu na haki ya umma. Mwaka 1983 mtoto mkubwa alimshitaki baba yake juu ya mali hizo. Mwaka uliofuata baba akafariki, na shauri likabaki likiwagawa wanawe. Mawe ya mwaka 2024 ni matunda ya mbegu hiyo.

La kusikitisha zaidi ni kwamba mila ya ukoo huo ina jawabu lake. Mtawala wa Mewar hakujiita mwenye nchi. Alijiita diwani, yaani naibu wa mungu wao Eklingji, anayesimamia kwa niaba tu. Na diwani ni mtunza amana, wala amana haigombewi kama ng'ombe wa mirathi. Vishvaraj mwenyewe alichaguliwa mwaka 2023 kuingia katika baraza la kutunga sheria la Rajasthan. Madaraka yake ya leo, basi, yametoka kwa wapiga kura, na kilemba cha babu yake hakikumpa kura hata moja.

Tunasema, heshima ya ukoo wa kale hailindwi kwa kufuli. Serikali na wenye majumba waandike orodha ya vilivyomo, watangaze hesabu, na wakate mashauri wazee wangali hai. Mlango wa urithi ukifungwa kwa ugomvi, wa kwanza kupoteza ni mwananchi aliyesimama nje.