Stempu za Zamani Zisibanduliwe

Yumkini katika nyumba fulani ya Kaaga, huko Meru, liko sanduku la bati ambamo mzee alihifadhi stakabadhi za kodi pamoja na barua za zamani. Mjukuu wake apendaye kukusanya stempu akilifungua, hutafuta upesi bakuli la maji ili azibandue stempu na kuzitupa bahasha. Afadhali angengoja.

Tangu mwaka 1935 hata 1963, Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu moja. Katika stempu nyingine jina la Kenya lilitangulia, katika nyingine Uganda au Tanganyika. Labda hivyo hakuna aliyenung'unika. Miongoni mwa zile za 1935 imo picha ya Mlima Kenya, ambao Kaaga yenyewe iko miguuni pake. Stempu ya senti tano ina jahazi la Ziwa Victoria. Atazamaye kwa kioo cha kukuza ataona kwamba katika baadhi yake kamba ya kushoto yaligusa tanga, na katika nyingine haifiki. Wakusanyaji huzihesabu kuwa stempu mbili, na kijana asiyejua huzichanganya.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili stempu ziliadimika. Mwaka 1941 na 1942 zilitumika stempu za Afrika Kusini, zilizopigwa chapa majina ya nchi zetu tatu na thamani ya senti. Barua za askari nazo zilipitia posta ya jeshi, na mihuri yake mingi ilikuwa na namba tu bila jina la mahali, adui asipate habari. Mhuri kama huo ukikatwa nusu kwa mkasi, hakuna ajuaye tena barua ilitoka wapi.

Tena, tarehe 1 Februari 1952 zilitolewa stempu za ziara ya Binti Mfalme Elizabeth. Siku tano baadaye babake, Mfalme George wa Sita, alifariki, naye binti yuko Treetops karibu na Nyeri, upande wa pili wa mlima. Bahasha yenye stempu hiyo na muhuri wa Meru wa juma lile ingeonyesha siku yenyewe. Stempu iliyobanduliwa haionyeshi.

Basi bahasha iwekwe nzima, mahali pakavu, bila gundi. Na mzee aulizwe kwanza ni nani aliyeandika, kwa kuwa barua ni zake.