Mbona Hawakumuliki Macho?

Wasee, mnalipia fremu bei hiyo yote na hakuna aliyewamulika tochi machoni? Unasoma herufi za ukutani hadi mstari wa mwisho, unaambiwa uko fiti. Zii! Glaukoma mara nyingi huanza kula pembeni, bila uchungu, na kilichopotea hakirudi. Tochi inahamishwa jicho hadi jicho kwenye giza kidogo. Mboni ikifunguka badala ya kubaki ndogo, huenda neva ya jicho hilo imeumia. Ni dakika moja tu, manze! Sawa, macho yote mawili yakiumia kiasi kimoja tochi haitaonyesha, ndio maana lazima pia presha ya macho ipimwe na neva ikaguliwe. Lakini kuiruka juu haiuzi miwani? Nakataa. Na kama shosho yako ana glaukoma, sema mapema, usitoke hapo kabla ya kumulikwa.