Sehemu ya 5: Yule mwanafunzi anayetetemeka na sindano mkononi

Haya mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba wachache mnaosoma kimya kimya bila kukomenti, tunaendelea. Nilipoandika kuhusu chanjo ya wiki ya sita, nusu ya maswali mliyonitumia hayakuhusu chanjo yenyewe. Yalihusu mkono ulioshika sindano. "Sista, naruhusiwa kukataa mwanangu kuchomwa na mwanafunzi?" Mwingine akaandika: "Yule binti alikuwa anatetemeka mpaka nikamhurumia, lakini paja ni la mwanangu."

Jibu fupi: unaruhusiwa. Mwanafunzi anatakiwa ajitambulishe kwamba ni mwanafunzi, msimamizi awe karibu, na ukisema hapana kwa heshima, msimamizi aichukue kazi mwenyewe. Hilo limeisha. Leo nataka tuuongelee ule mtetemeko, kwa sababu nina maoni yangu juu yake na najua kuna manesi wenzangu hawatayapenda.

Wengi mnadhani anatetemeka kwa sababu hajui. Mara nyingi anajua. Jana usiku bwenini amezikariri hatua zote, mkufunzi akimuuliza darasani anazitiririsha bila kumeza mate. Ila akifika mbele yako mwili wake unaona hatari. Adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unakimbia, viganja vinalowa jasho, mdomo unakauka, vidole vinaanza kucheza. Mwili haubagui kama mbele kuna chui au kuna mama mwenye kichanga anayemkodolea macho. Na akili nayo inabanwa. Ile nafasi ndogo kichwani tunayotumia kushika mambo matatu manne kwa pamoja (kadi, kichupa, kiasi, mguu upi) inajazwa na wazo moja tu: nitaharibu. Nimeshaona mwanafunzi mzuri kabisa, mwenye alama za juu darasani, amesimama na bomba la sindano asikumbuke ni paja la kushoto au la kulia.

Sasa hospitalini anafanywa nini huyu? Anafokewa. Tena mbele ya foleni nzima. "Toka hapo, unatuchelewesha!" Muuguzi mmoja wa siku nyingi aliwahi kuniambia, "Na sisi tulifokewa hivyo hivyo, na leo si ni manesi?" Sawa. Lakini wale walioacha chuo mwaka wa kwanza hawapo hapa kutusimulia upande wao.

Tena kufokewa kuna madhara ambayo wewe mama huyaoni pale kwenye benchi. Mwanafunzi anayeogopa haulizi. Amesoma kiasi cha dawa, hana uhakika, anatamani kumuuliza msimamizi kwa mara ya pili, lakini anakumbuka alivyojibiwa asubuhi. Anakaa kimya na kukisia. Kwa hiyo mtu akiniambia kumtuliza mwanafunzi ni kumdekeza, namwambia hapana, hili ni suala la usalama wa mtoto aliye mapajani kwa mama yake.

Ninachokipigia debe mimi ni kuvuta picha kwa kuongozwa. Wataalamu wa saikolojia wanalitumia jambo hili miaka mingi kupunguza wasiwasi, na vyuo vya uuguzi katika nchi kadhaa vimelijaribu kwa wanafunzi kabla ya mtihani wa vitendo au kabla ya siku ya kwanza wodini. Halihitaji mashine wala dawa. Linahitaji mtu mwenye sauti ya upole, mahali pa kukaa, na dakika kumi.

Linafanyikaje? Ngoja niwaoneshe ninavyolifanya na wanafunzi wanaopita kwenye kitengo changu, asubuhi kabla milango haijafunguliwa. Wanakaa, nyayo zote mbili chini, mikono juu ya mapaja. Asiyependa kufumba macho anaangalia sakafu, simlazimishi mtu. Naanza na pumzi: vuta taratibu kwa pua, toa taratibu kwa mdomo, iwe ndefu kuliko ulivyovuta. Mara tano au sita. Kisha legeza mabega. (Utashangaa mtu alivyobeba mabega yake masikioni bila kujua.)

Halafu naomba kila mmoja aende mahali anapojisikia salama. Siwachagulii bahari wala maua, maana si kila mtu ana bahari yake. Nasema tu: uko mahali ambapo hakuna anayekudai kitu. Kuna nini hapo? Labda ni kibarazani kwa bibi, mvua inapiga kwenye bati, chai ya tangawizi inanukia jikoni, kuku wamejikunyata chini ya gari bovu. Sikia ile sauti ya mvua. Sikia ubaridi wa sakafu kwenye nyayo. Hapa sina haraka. Picha yenye macho tu haifanyi kazi sana, inataka masikio, pua na ngozi.

Mwili ukishatulia, ndiyo tunaenda kazini. Kwangu hii sehemu ya pili ndiyo roho ya zoezi, ingawa wengi huishia ya kwanza. Naendelea kwa sauti ile ile: sasa unaingia chumba cha chanjo. Unamsalimia mama. Unamwambia jina lako na kwamba wewe ni mwanafunzi. Unanawa mikono, yasikie maji. Unachukua kadi, unasoma jina la mtoto na umri wake. Unashika kichupa, kina ubaridi, unaangalia tarehe ya mwisho, unaangalia ile alama ya joto: kimraba cha ndani kiwe na rangi hafifu kuliko duara linalokizunguka. Unavuta nusu mililita. Unamuonesha mama namna ya kumshika mtoto. Penta ni paja la kushoto, upande wa nje, katikati. Sindano inaingia wima. Unasukuma dawa. Unatoa, unaweka pamba, unabonyeza bila kusugua. Sindano haifunikwi tena, inaenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha usalama. Mtoto analia. Wewe bado umesimama, bado unapumua, unamwambia mama, "Pole, tumemaliza."

Na simalizii hapo, kwa sababu maisha hayaendi vizuri hivyo kila mara. Nawapitisha tena, safari hii mtoto anarusha mguu kabla hujachoma. Unafanya nini? Unarudisha mkono nyuma, unapumua mara moja, unamwomba mama amshike upya. Mama amekasirika na kukwambia, "We unajua kweli?" Unamjibu, "Nipo na msimamizi wangu, mama, tutafanya pamoja." Umesahau kiasi. Unageuka kwa msimamizi na kuuliza, kwa sauti. Hili la kuuliza nalirudia mara mbili. Nataka mwanafunzi awe ameshauliza kichwani mwake kabla ya siku ile ngumu kufika, ili mdomo usione ni kitu kigeni.

Mtasema, sista, kufikiria na kufanya ni vitu viwili. Ni kweli, ila haviko mbali kama tunavyodhani. Mwaka 1995 Alvaro Pascual-Leone na wenzake walichapisha jaribio la piano. Walichukua watu wasiojua kuipiga, wakawafundisha zoezi la vidole vitano. Kundi moja lilifanya mazoezi saa mbili kwa siku, siku tano. Kundi jingine lilikaa mbele ya piano hiyo hiyo likivuta picha tu kwamba linapiga, bila kubonyeza kitu. Sehemu ya ubongo inayoongoza vidole ilibadilika kwa makundi yote mawili. Siku ya tano waliopiga kweli walikuwa mbele, lakini wale wa kufikiria walipopewa kipindi kimoja tu cha saa mbili cha kupiga kweli, wakawafikia. Wanariadha wanalijua hili siku nyingi. Angalieni mruka juu kabla hajaanza kukimbia, anavyoyumba pale amefumba macho. Anaruka kichwani kwanza.

Kwa wanafunzi wa uuguzi wenyewe, watafiti huwapa dodoso la wasiwasi kabla na baada ya zoezi, mara nyingi lile la Charles Spielberger lenye maswali 20 kuhusu unavyojisikia sasa hivi na mengine 20 kuhusu ulivyo siku zote. Matokeo mengi yanaonesha wasiwasi wa sasa hivi unashuka. Niwe mkweli kwenu: tafiti nyingi ni za vikundi vidogo, na dodoso anajaza mwanafunzi mwenyewe. Sitawaambia ni muujiza. Nawaambia ni kitu cha bure chenye dalili nzuri, na hakimchomi mtu.

Ila hakichukui nafasi ya mazoezi ya mikono. Hapa nagombana na wale wanaolishabikia jambo hili kupita kiasi. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba mtu anaamini anaiweza kazi kwa njia nne: ameshawahi kuifanya ikafanikiwa, amemuona mwenzake akiifanya, ametiwa moyo na mtu, na anavyousoma mwili wake mwenyewe pale anapoifanya. Ya kwanza inazishinda zote. Maana yake ukimtuliza mwanafunzi asubuhi kisha ukamuacha asimame pembeni siku nzima akijaza madaftari, kujiamini hakutakuja. Avute picha, ashike mdoli wa mazoezi (au chungwa, sote tumechoma machungwa), kisha siku hiyo hiyo amchome mtoto akiwa na msimamizi bega kwa bega.

Kuna mmoja aliniuliza kama hii si mambo ya ushirikina, kufumba macho na kuongozwa na sauti ya mtu. Nimecheka lakini swali ni la haki. Mama, wewe mwenyewe unalifanya. Mtoto anaogopa giza, unamwambia funga macho, tuko kwenye basi tunaenda kwa bibi, unaiona ile miembe? Mkunga mzuri leba anafanya hivyo hivyo uchungu unapopanda. Hakuna anayepoteza fahamu, hakuna anayetawaliwa. Anayesali asali kwanza, havigombani.

Si kwa kila mtu, lakini. Kuna mwanafunzi aliyefiwa karibuni, au aliyepitia jambo baya hospitalini akiwa mdogo, ukimwambia avute picha ya wodi unamrudisha kule kule. Huyo mwache afungue macho, abaki na pumzi tu. Na mwenye kukosa usingizi wiki nzima, anayetapika kila asubuhi ya kwenda wodini au anayezimia, huyo anahitaji mshauri nasaha au daktari, asidanganywe na dakika kumi zangu.

Nimewaandikia nyie mama badala ya wakuu wa vyuo kwa sababu wengi wenu mna binti au kijana aliyeko chuo cha afya, au mdogo wenu, au mtoto wa jirani. Anakuja likizo amekonda, ukimuuliza anasema "masomo tu." Tafadhali usimwambie uuguzi ni wito ajikaze. Anajikaza tayari, ndiyo maana vidole vinacheza. Muulize ni kazi gani inamtisha zaidi. Atakutajia: kuweka mpira wa mkojo, kutafuta mshipa wa mtoto, ule mtihani wa vitendo wa kuzunguka vituo, kengele ikilia unahama hata kama hujamaliza. Mwambie aandike hatua zake kwenye karatasi, kisha jioni umsomee wewe, polepole, yeye amefumba macho. Si lazima uelewe kila neno. Sauti ya mama yake inasaidia kuliko yangu.

Na ukiwa kliniki, ukiamua kumkubali mwanafunzi, mkubali kweli. Mtazame usoni badala ya kutazama sindano. Mwambie, "Haya mwanangu, taratibu, nipo." Maneno hayo machache ni ile njia ya tatu ya Bandura, na hujalipia. Ukiona msimamizi hayupo, hapo simama kidete, muulize yuko wapi, usubiri aje. Huo si ukatili kwa mwanafunzi. Yeye mwenyewe anamtamani huyo msimamizi kuliko wewe.

Wasimamizi wenzangu mnaopita hapa: ripoti ya asubuhi huwa tunaianza kwa kuchelewa dakika kumi kila siku. Mnazijua hizo dakika.

Sehemu ya 6 nitaeleza namna ya kumshika mtoto wakati wa sindano, wa wiki sita na wa mwaka mmoja na nusu, maana hawashikwi sawa. Wenye watoto warusha mateke leteni maswali mapema. Na kama una mwanafunzi nyumbani, niandikie kazi inayomtisha, nitamtungia maneno ya kusomewa.