Diploma mkononi, kazi wapi? Shauri moja halitoshi kwa wanafunzi wote wa Sange

Kwa familia nyingi za Sange, kumsomesha mtoto chuo kikuu kunaanzia shambani. Ni magunia ya mpunga, ni muhogo, wakati mwingine ni ng'ombe wa mwisho ao kipande cha shamba kinachouzwa ili minervali ilipwe kule Bukavu ao Uvira. Miaka inapita, mtoto anarudi na diploma. Kisha? Wengi tunawaona hapa hapa kwenye barabara ya taifa namba 5: huyu ni motari, yule anauza uniti za simu, mwingine anakaa tu anangoja. Kuwa motari haiko aibu. Aibu ni kwamba mtu anasoma miaka mitano bila mtu hata mmoja kukaa naye na kumuuliza: wewe, na hali yako hii, unaelekea wapi?

Kazi ya kuuliza swali hilo, na kumsaidia mtu atafute jibu, ndiyo wenzetu wa vyuo wanaita orientasyo. Katika vyuo vyetu vingi orientasyo inakuja siku ya mwisho kabisa, siku ya kolasyo, ndani ya hotuba: «Musitafute kazi, mutengeneze kazi!» Watu wanapiga vigelegele, wanapiga picha, imeisha.

Tunataka kusema jambo moja hapa. Shauri linalokuja kwa kuchelewa, tena linalofanana kwa wote, haliwezi kumsaidia kijana wa Bonde la Ruzizi. Kila mmoja ana kizuizi chake, na dawa ya huyu haiponyeshi yule.

MILANGO MITATU ILIYOFUNGWA

Wazazi wetu walijua milango mitatu ya kazi. Wa kwanza ni Leta, hasa ualimu. Masomo ya msingi yalipoanza kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa yalijaa na walimu wakahitajika. Lakini walimu wengi walibaki wale tunaowaita «N.U.»: wanafundisha kila siku huku wakingoja jina lao litoke kwenye listi ya mishahara ya Serikali. Wengine wanangoja miaka na miaka.

Mlango wa pili ni kiwanda. Kiliba iko jirani yetu. Kiwanda cha sukari cha pale kililisha mafundi, makarani, madereva na wauguzi, tena pamoja na familia zao. Kilifungwa mwaka 1996 wakati wa vita. Kijana anayemaliza masomo leo alizaliwa kiwanda kikiwa kimekwisha nyamaza.

Mlango wa tatu ni mashirika ya msaada, ONG. Kwa zaidi ya miaka 20, ndoto ya mwanafunzi wa huku ilikuwa gileti yenye nembo na gari jeupe. Mlango huo nao umebana. MONUSCO ilimaliza kazi yake katika Kivu ya Kusini mwaka 2024. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka huo shirika la USAID lenyewe likafungwa. Miradi mingi ya Mashariki mwa Kongo iliishi kwa pesa hizo.

Juu ya yote, vita. Mwezi wa pili mwaka 2025 mji wa Bukavu uliingia mikononi mwa AFC/M23, banki zikafunga milango. Mwezi wa 12 vita vikafika mpaka Uvira. Wanafunzi walikimbia, wengine walikatiwa mwaka wa masomo katikati, wengine waliacha karatasi zao zote nyumbani.

Pamoja na hayo, vijana bado wanasukumwa kwenye mlango ule ule. Wanaenda saiba, wanalipia sivi iliyonakiliwa kwa mtu mwingine, wanaipeleka mahali ishirini. Jibu halirudi. Mwishowe kijana anaanza kuamini kama yeye ndiye mbaya.

VIZUIZI HAVIKO SAWA

Tuchukue mifano ambayo kila mtu wa Sange anaijua.

Kuna yule wa kwanza kusoma chuo kikuu katika familia yake. Baba ni mkulima, mama ni muuzaji sokoni. Hakuna shangazi ndani ya ofisi, hakuna mjomba wa kumwambia kama kuna nafasi imefunguka. Kizuizi chake ni kutojua watu, siyo kukosa akili. Kumfundisha huyu kuandika sivi nzuri peke yake ni kumpa ufunguo bila mlango. Anachohitaji ni kukutanishwa na watu wa kazi yake tangu mwaka wa kwanza: agronomu, muuguzi mkuu, mkuu wa kooperative, mtu wa REGIDESO. Ajulikane kabla hajaomba kitu.

Kuna yule ambaye kosa lilianza mlangoni. Alipata Exetat, akachagua fakulte kwa sababu rafiki alienda huko, ao kwa sababu minervali ilikuwa ndogo, ao kwa sababu jina linapendeza masikioni. Hakuna aliyemwambia mapema kama sheria na usimamizi zina watu wengi kuliko nafasi, na kama umwagiliaji, mifugo na fundi wa maji wanatafutwa kwa taabu. Kwa huyu, shauri la mwaka wa tano limechelewa. Lilipaswa kutolewa darasa la sita la sekondari.

Kuna msichana aliyezaa akiwa bado anasoma. Anaulizwa maswali ambayo kaka yake haulizwi: utaacha mtoto wapi, bwana wako anakubali? Wengine wanaombwa mwili ili wapewe kazi. Huyu anatakiwa ajue kwamba sheria iko upande wake. Kodi ya kazi ya Kongo, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, inakataza kumbagua mwanamke kazini sababu ya uzazi, tena inakataza kumpima mimba mwanamke anayeomba kazi. Lakini sheria ndani ya kitabu haifungui mlango. Anahitaji mtu wa kumwambia aende kwa nani akilalamika, na mahali gani staji inaweza kufanyika karibu na nyumbani.

Kuna kijana mwenye ulemavu. Ana diploma sawa na wengine, lakini anaitwa kwenye mtihani wa kazi katika nyumba ya ngazi, na hakuna anayefikiri jambo hilo. Tangu tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 2022 nchi yetu ina sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, na kazi ni mojawapo ya haki hizo. Ni waajiri wangapi hapa wameisoma? Ni walimu wangapi wa chuo wamemweleza mwanafunzi wao?

Tena kuna aliyekimbia vita. Diploma imebaki Bukavu ao imechomeka na nyumba. Kwa huyu, kabla ya hotuba yoyote ya kujiamini, kazi ya kwanza ni karatasi: kutangaza kwa polisi kama zimepotea, kuandikia chuo kuomba hati ya kuonyesha alisoma, kutafuta wenzake wa darasa na walimu wanaoweza kumshuhudia. Na ninyi ambao karatasi zenu zingali salama: muzipige picha leo, muzitume kwenye barua pepe yenu, mumwachie nakala ndugu anayekaa mji mwingine. Simu inaweza kuibiwa.

Kizuizi cha mwisho kinawagusa wote: tangazo la kazi linalodai uzoefu wa miaka mitatu ao mitano. Kijana anajibu: nitapata uzoefu wapi kama hamunipi kazi? Jibu la kweli ni kwamba uzoefu unajengwa wakati wa masomo. Likizo tatu kwenye kituo cha afya, misimu miwili ya kuandika hesabu za kooperative ya mpunga, kazi ya kuuliza watu maswali kwa ajili ya utafiti: yote hayo ni uzoefu, kama yameandikwa na kuna mkubwa aliyetia sahihi. Wengi walifanya kazi hizo lakini hawakuomba hata karatasi moja ya kushuhudia.

OFISI ZIPO, LAKINI NI ZA NANI?

Haiko kweli kusema kama Leta haikufikiri kitu. INPP, chuo cha taifa cha kuandaa mafundi, iko tangu mwaka 1964. ONEM, ofisi ya taifa ya kazi, iliundwa mwaka 2002 ili kuandikisha wanaotafuta kazi na kuwakutanisha na wanaotafuta wafanyakazi. Lakini kwa mwanafunzi wa Sange, ofisi ya mjini ni safari, ni pesa, ni vizuizi vya barabarani ambako kila mahali unalipa. Na akifika, mara nyingi anaandikwa jina, basi. Kuandikwa jina ni hatua nzuri. Kuelekezwa ni kitu kingine.

Katika vyuo vyenyewe kuna nafasi mpya. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, Kongo iliingia kwa upana katika mfumo wa LMD: lisansi miaka mitatu, mastere miaka miwili. Mfumo huu unataka mwanafunzi apimwe kwa yale anayoweza kufanya, siyo tu yale aliyoandika kwenye daftari. Lakini lisansi ya miaka mitatu ina maana kwamba muda wa kujitayarisha umepungua. Aliyezoea kungoja mwaka wa tano ndipo afikirie kazi, sasa amechelewa miaka miwili.

Majirani nao wanahangaika na jambo hili. Tanzania, Serikali ina mpango wa kuwaweka wahitimu kwenye makampuni na ofisi kwa miezi kadhaa ili wapate uzoefu wa kazi. Mpango huo haujamaliza ukosefu wa kazi kule. Lakini unakubali jambo ambalo sisi bado hatujalikubali: kutoka darasani kwenda kazini ni njia yenye mto katikati, na mtu anahitaji daraja.

DARAJA LINAWEZA KUANZIA HAPA

Tusingoje Kinshasa kwa kila kitu. Yako mambo manne yasiyohitaji mfadhili.

La kwanza: kila fakulte iwe na listi ya waliomaliza, na kazi wanayofanya leo. Mzazi akiuliza «watoto wa fakulte hii wako wapi?», aonyeshwe. Chuo kisichojua wanafunzi wake wa jana wako wapi hakiwezi kumwelekeza wa leo.

La pili: mwalimu mmoja katika kila fakulte apewe saa za kukaa na mwanafunzi mmoja mmoja, mara mbili kwa mwaka, kuanzia mwaka wa kwanza. Amuulize maswali matatu: unaweza nini, nini kinakuzuia, nani anaweza kukufungulia? Aandike majibu, na mwaka unaofuata aanzie pale.

La tatu: staji zifuate kazi iliyo huku bondeni. Mpunga wetu unapotea baada ya mavuno sababu ya kukosa mahali pazuri pa kukausha na kuhifadhi. Ng'ombe wanakufa kwa magonjwa yanayojulikana. Kipindupindu kinarudi Uvira mara kwa mara sababu maji safi hayafiki kwa wote. Mitaro ya umwagiliaji inajaa udongo. Kila tatizo hapo ni kazi ya mtu aliyesoma. Na kama siku moja kazi za bwawa la umeme la Ruzizi III zitaanza kweli, watakaochukuliwa ni wale wenye ujuzi wa umeme, wa kuchomelea na wa ujenzi tayari mkononi. Mwenye lisansi asione haya kuongeza miezi michache ya ufundi.

La nne: matangazo ya kazi yafike kwa wote kwa wakati mmoja. Mara nyingi tangazo linabandikwa ofisini Uvira, na lile la Sange linafika siku moja baada ya tarehe ya mwisho. Redio, makanisa, misikiti na ofisi ya komune vinaweza kuyatangaza bure. Na tukumbushe bila kuchoka: anayekuomba pesa ili akupe kazi anakuibia.

SHAURI HALIZAI KAZI

Kuna wanaosema, tena kwa haki: munaelekeza vijana wapi, kama kazi zenyewe hazipo? Ni kweli. Shauri zuri halijengi kiwanda, halifungui banki, halinyamazishi bunduki. Tukisema kila kitu kinategemea bidii ya kijana, tutakuwa tunamtupia yeye mzigo wa Leta. Hata ile «mutengeneze kazi» inakuwa maneno matupu kwa mtu asiye na mtaji, asiye na usalama wa kufika shambani, na anayelipa kodi kwenye kila kamba ya barabara.

Lakini kazi zikiwa chache, kuelekeza kunakuwa na maana kubwa zaidi. Pasipo kuelekezwa, nafasi chache zilizopo zinaenda kwa wale wale wenye mtu ndani. Mtoto wa mkulima, msichana mwenye mtoto, mwenye ulemavu, aliyekimbia vita, wote wanabaki nje hata kama wana uwezo. Na kijana aliyesoma, anayeona mlango umefungwa kwa ajili yake tu, ni rahisi kushawishiwa na yeyote anayempa bunduki na kumwita afisa. Hilo tumeliona bondeni, hatuhitaji kulisomea.

Kwa hiyo, wazazi, kabla ya kuuza ng'ombe kwa ajili ya minervali ya mwaka huu, muende kwenye chuo na muulize: waliomaliza hapa wanafanya kazi gani? Staji inaanza mwaka wa ngapi, na wapi? Ni nani atakayekaa na mtoto wangu akiwa na shida yake? Wakikosa jibu, musione haya kuuliza mara ya pili. Pesa ni yenu, na mtoto pia ni wenu.