Makala Yetu Si Mateka ya Tiketi ya Ndege

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta habari za Linux na jinsi ya kufufua kompyuta kuukuu. Leo mtanivumilia. Kuna jambo limenikaa kooni muda mrefu, nalo ni gharama ya kuhudhuria makongamano ya utafiti. Msidhani haya ni mambo ya maprofesa peke yao. Katika fani yetu ya kompyuta, uvumbuzi mwingi hutangazwa kwanza kwenye kongamano, halafu ndipo unaingia kwenye simu yako. Asiyepita mlango ule ni kama hajafanya kazi yoyote.

Basi, kuna kijana mmoja hapa Voi. Wenyeji mnajua adha ya ndovu: wakitoka Tsavo Mashariki usiku, mahindi ya msimu mzima yameisha kabla jogoo hajawika. Kule Sagalla ndiko Dkt. Lucy King na wenzake wa Save the Elephants walikofanyia kazi ya uzio wa mizinga ya nyuki, maana ndovu na ukubwa wake wote humwogopa nyuki. Kijana wetu akaingilia upande wa kompyuta: kifaa cha bei nafuu kinachosikiliza sauti za ndovu na kumtumia mwenye shamba ujumbe kwenye simu. Mimi nilimsaidia kidogo kupanga msimbo. Akaandika makala, akayapeleka kwenye kongamano moja la Ulaya (jina nitaliacha), wahakiki watatu wakayasoma na wakayakubali. Tukanywa soda!

Kisha ikaja hesabu. Usajili yuro 620, ambazo ni kama shilingi 93,000. Viza ya Schengen yuro 90 (ilipanda kutoka 80 mwezi wa Juni 2024), na hiyo hairudishwi hata ukinyimwa. Safari mbili za Nairobi kwa ajili ya viza hiyo hiyo. Ndege 120,000, hoteli siku nne 60,000. Bado hajala. Jumla inakaribia shilingi laki tatu, kwa mtu ambaye kifaa chake kizima kilimgharimu chini ya elfu nane.

Hapo mtu atasema: si kuna bei ya mwanafunzi? Ipo, nusu ya ile. Lakini someni yale maandishi madogo: kila makala yaliyokubaliwa lazima yawe na mwandishi mmoja aliyelipa ada KAMILI, na mmoja wao awepo ukumbini kuyawasilisha. La sivyo makala yanaondolewa. Sharti hili si la kongamano lile tu, limeenea kote katika fani yetu. Kijana aliyaondoa mwenyewe kabla hawajayaondoa wao.

Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Sigombani na ndege wala na hoteli. Hizo zina bei zake. Nagombana na SHARTI. Kazi ya kuamua kama utafiti ni mzuri ilikwisha siku wahakiki walipotoa jibu, na wahakiki hawalipwi hata senti. Kuhifadhi faili la kurasa kumi kwenye mtandao nako si gharama ya kumtoza mtu yuro 620. arXiv wanafanya hivyo tangu 1991 bila kumtoza mwandishi wala msomaji. Mwaka 2001 wahariri 40 wa jarida la Machine Learning walijiuzulu kwa barua ya wazi na kuliunga mkono JMLR, jarida la bure mtandaoni, ambalo leo ni miongoni mwa yanayoheshimiwa zaidi katika fani hiyo. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba haiwezekani. Yuro zile ni za ukumbi, chai, na mkoba wenye nembo. Asiyekunywa chai ile anailipia kwa nini?

Watetezi wana jibu lao: kongamano ni watu, utamu uko kwenye kukutana. Nakubali kabisa. Mimi mwenyewe kazi mbili nimezipata kwenye foleni ya chai. Lakini kama kukutana kuna thamani hiyo, kuuzeni peke yake, watu watanunua. Kwa nini mshike makala ya mtu kama rehani? Tena kukutana kwenyewe si kwa kila mtu. Mwaka 2018 makumi ya watafiti waliokuwa waende warsha ya Black in AI kule Montreal, kwenye NeurIPS, walinyimwa viza za Kanada. Hao hata tiketi wangelipiwa wasingefika.

Na mahali panabadilisha hesabu kuliko mnavyodhani. ICLR ilipangwa iwe Addis Ababa mwaka 2020, korona ikaisukuma mtandaoni. Mwaka 2023 ikaja Kigali, na Mkenya huingia Rwanda kwa kitambulisho tu tangu 2014. Kitambulisho, jamani, na basi! Kundi la Masakhane nalo, linaloshughulikia tafsiri ya kompyuta kwa lugha za Afrika, lilikusanya waandishi zaidi ya arobaini wa nchi mbalimbali, wakafanya kazi mtandaoni na kuchapisha kwenye EMNLP ya 2020, mwaka ambao hakuna aliyepanda ndege.

Lakini nisiwapige wazungu peke yao. Makongamano yetu ya hapa nyumbani yanayojiita ya kimataifa hufanyika kwenye hoteli za ufuo, ada kwa dola, huku mwenyeji akisikilizia nje ya uzio. Wundanyi kuna kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Helsinki. Misitu ya Ngangao na Mbololo imeandikwa na kuandikwa. Mkulima wa Mwatate ameyasikia wapi hayo matokeo?

Chuo Kikuu cha Taita Taveta kiko hapa hapa Voi, kilipata hati yake 2016. Wanafunzi wakienda likizo, vitanda vinabaki. Treni ya SGR inasimama Voi, na mabasi ya Nairobi na Mombasa yanapita usiku na mchana. Fanyeni siku mbili hapa: makala yachapishwe bure pindi yakikubaliwa, asiyeweza kuja aongee kwa video, anayekuja alipie kitanda na chakula chake tu, kwa shilingi. Asubuhi ya pili iwe ya Kiswahili, wakulima wa Sagalla wakae mbele na waulize maswali.

Projekta ninayo. Mtu alete waya mrefu wa umeme.