Gitaa Nalo ni Letu

Wapo wenzetu, tena wenye elimu, ambao wakitaja utamaduni wa taifa huishia kwenye ngoma na mashairi. Muziki wa dansi huufanya mtoto wa kambo: ala zake za kigeni, makao yake mjini. Hoja hiyo huivika methali, kwamba mwacha asili ni mtumwa. Sisi wa Kibiti na delta ya Rufiji twaipinga.

Kwanza, asili si ala. Delta yetu ilipeleka boriti za mikoko Arabuni kwa majahazi, na dufu nalo lilitufikia kwa bahari hiyohiyo. Leo dufu hupigwa katika maulidi yetu, wala hakuna aliitaye geni. Kwa nini basi gitaa linyimwe uraia?

Pili, tuitazame NUTA Jazz, bendi iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki wake walilipwa mshahara kama wafanyakazi wengine. Chama kilipobadilika, jina nalo lilibadilika: Juwata, kisha OTTU. Hatimaye bendi ikaitwa Msondo Ngoma. Na msondo ni ile ngoma ndefu ya Pwani. Mwimbaji wake mashuhuri, Muhidin Maalim Gurumo, mzaliwa wa Kisarawe, alihamia Mlimani Park mwaka 1978. Bendi hiyo nayo ikajulikana kwa jina la Sikinde, ngoma ya Wazaramo. Je, aliyeacha asili hujiita kwa jina la ngoma ya bibi yake?

Hata mto wetu ulipigiwa gitaa. Katika miaka ya 1960 Dar es Salaam ilikuwa na Rufiji Jazz na Kilwa Jazz, bendi zilizobeba mjini majina ya makwao.

Hatusemi kila wimbo wa dansi ni hazina. Makapi yapo, kama yalivyo katika ushairi. Lakini nani atapepeta, ikiwa shule hazifundishi? Nyimbo nyingi zilirekodiwa na Radio Tanzania katika kanda, na kanda huchakaa. Gurumo alifariki mwaka 2014, na wenzake wengi wametangulia.

Walimu, chukueni wimbo mmoja wa Msondo, mwupime darasani kama mpimavyo shairi: lugha yake, mafumbo yake, wosia wake. Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee wenu walicheza nyimbo zipi, mkaziandike maneno yake wangali hai wa kuwasahihisha.