Mkuki kwa Nguruwe

Kwa miaka mingi tumehubiriwa na wataalamu wa Ulaya ya kwamba serikali isitie mkono wake katika biashara. Mwenye kiwanda, ati, aachwe apambane sokoni, akishindwa, afunge. Hebu tuwatazame wahubiri hao wafanyavyo kwao.

Tangu Mkataba wa Roma wa mwaka 1957, sheria yao imekataza serikali kuzisaidia kampuni kwa njia inayoharibu ushindani kati ya nchi wanachama. Lakini Machi 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi na umeme, sheria hiyo ililegezwa. Machi 2023 ikalegezwa tena kwa ajili ya viwanda vya betri na vya mitambo ya umeme wa jua na upepo. Katika mwaka mmoja hivi wa kwanza, misaada iliyoidhinishwa ilifikia yapata yuro bilioni 672. Zaidi ya nusu ilikuwa ya Ujerumani, na karibu robo ya Ufaransa. Nchi 25 zilizobaki zikagawana makombo. Fundi wa vyuma wa Ureno au Ugiriki, ambaye hazina ya serikali yake ni nyembamba, atashindana vipi na jirani anayepunguziwa gharama za umeme na serikali? Hata huko Ulaya mkubwa ndiye alaye kwanza.

Wala fedha peke yake hazijengi kiwanda. Januari 2024 Ujerumani iliruhusiwa kuisaidia Northvolt, kampuni ya Sweden, kwa yuro milioni 902 ili ijenge kiwanda cha betri huko Heide. Machi 2025 kampuni hiyo ikatangaza kufilisika kwao Sweden.

Hatuwalaumu kwa kulinda viwanda vyao. Nasi twataka kulinda vyetu. Lakini Indonesia ilipoamua kuzuia nikeli ghafi isitoke nchini, ili iyeyushwe nyumbani, Umoja wa Ulaya uliishitaki katika Shirika la Biashara Duniani. Novemba 2022 waamuzi wakaupa Umoja huo ushindi, na Indonesia ikakata rufaa.

Jambo hili latuhusu sana. Sheria ya Ulaya ya madini muhimu, iliyoanza Mei 2024, inataka ifikapo 2030 Ulaya iweze kusafisha kwao asilimia 40 ya madini hayo wanayoyahitaji. Mawe yenyewe yatatoka wapi? Oktoba 2023 walitia sahihi mapatano na Kongo na Zambia, na Februari 2024 na Rwanda. Mapatano hayo yanataja kuongeza thamani ya madini huku huku Afrika. Maneno mazuri, lakini karatasi haiyeyushi jiwe.

Serikali yetu ilipozuia mchanga wa madini kusafirishwa nje Machi 2017, tulisikia kelele nyingi. Basi wanachama wa matawi yaliyo karibu na migodi, mwekezaji ajapo mkutanoni, muulizeni kabla ya kumpigia makofi: kiwanda cha kusafishia kitajengwa wapi, kitaanza lini, na vijana wangapi wa hapa watafundishwa kukiendesha? Majibu yake yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.